Muwasho Unaorudi, Pesa Isiyorudi

"Dada, ni ya kuwasha au ya uchafu?" Kijana wa famasi aliuliza bila kushusha sauti. Nyuma yangu walisimama wanaume wawili, mmoja ameshika chupa tupu ya dawa ya kikohozi. Nikajibu "ya kuwasha", nikapewa kidonge kimoja cha flukonazoli, nikatoka pale kama mtu aliyeiba. Ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi kumi.

Usiku ule nilitoa risiti pochini na kwenye droo, nikazipanga kitandani kama karata. Vidonge vya fangasi vya kumeza mara nne. Vya kuweka ukeni mara mbili. Antibayotiki za "UTI" mara mbili. Sabuni maalumu ya kuoshea kule. Halafu unga wa mitishamba nilioagiza kwa simu, ukaletwa na bodaboda umefungwa kwenye mfuko mweusi. Ukiutoa ule unga, hakuna ununuzi hata mmoja ambao ungenishtua ukiwa peke yake. Lakini jumla yake ingemlipa daktari bingwa na maabara yake, na nauli ya kurudi nyumbani ikabaki.

Dawa nilizonunua hazikuwa mbovu. Tatizo ni kwamba nilikuwa natibu ugonjwa nisioujua jina, na kwenye biashara hii jina ndicho kitu cha kwanza cha kulipia. Nimelipa ada yangu tayari, kwa hiyo niwaonyeshe ninavyopiga hesabu sasa.

Magonjwa yanayotuleta dukani kwa sauti ya chini ni matatu hasa. Fangasi huwasha sana. Ute wake ni mzito na mweupe, kama mtindi uliokatika, na hauna harufu ya kutisha. Nyama za nje huwa nyekundu, mkojo ukipita juu ya michubuko unachoma. Wanawake watatu kati ya wanne huupata angalau mara moja maishani, kwa hiyo ndilo jina la kwanza linalomjia kila mtu mdomoni. Wa pili ni wa bakteria: wale walinzi wa kawaida wa uke, laktobasili, hupungua, bakteria wengine wakajaa nafasi yao. Ute huwa mwepesi, wa kijivujivu, na kinachokusumbua zaidi ni shombo la samaki, hasa baada ya tendo la ndoa. Muwasho ni kidogo au haupo kabisa. Wa tatu ni trikomona, kimelea cha zinaa. Ute unaweza kuwa wa njano au kijani, wenye povu na harufu, na kuna muwasho na maumivu. Mwanamume aliye nacho mara nyingi haoni dalili yoyote, kwa hiyo ataapa kwamba yeye ni mzima.

Kwenye karatasi yanatofautiana vizuri. Mwilini hayafuati karatasi. Yanaweza kuja mawili kwa pamoja, na dalili zikaingiliana. Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani waliwapima wanawake 95 waliokuwa wamejinunulia dawa ya fangasi dukani bila cheti. Waliokuwa na fangasi peke yake walikuwa takribani theluthi moja tu. Wengine walikuwa na bakteria, wengine mchanganyiko, na wapo ambao hawakuwa na maambukizi yoyote. Nilipoisoma habari hiyo nilizitazama risiti zangu nikacheka, kicheko cha mtu aliyegundua kwamba si yeye mjinga peke yake.

Mimi mwenyewe nilimjibu yule kijana "ya kuwasha" kwa sababu neno jingine lilinishinda kulitamka. Lugha yetu inatuponza hapa. Kila kinachotoka tunakiita uchafu, na uchafu huoshwa. Ndipo mtu mzima mwenye akili zake anaingiza maji ya limao, sabuni, dawa ya kuua vijidudu, au kipande cha shabu ili "kukausha". Uke hujisafisha wenyewe, na asidi yake ndiyo kinga yake: kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa pH ya kawaida ni kati ya 3.8 na 4.5. Ukiingiza maji na sabuni unawaondoa wale laktobasili wanaoitengeneza asidi hiyo, na mlango wa ugonjwa wa bakteria unafunguka. Sabuni maalumu ya uke ilikuwa miongoni mwa risiti zangu ghali, na huenda ndiyo iliyokuwa ikinirudisha famasi. Ukiacha kuinunua umeshaokoa pesa kabla hujamwona daktari. Nje osha kwa maji, na sabuni isiyo na manukato ukipenda. Ndani usiguse.

Sasa tulinganishe milango ya kutafutia tiba. Sitaorodhesha bei ya kila kidonge, maana bei ya Kariakoo si ya Masaki, na ya leo si ya mwezi ujao. Nitalinganisha unachopata kwa pesa unayotoa.

Mlango wa karibu ni famasi, au duka la dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 yakachukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Faida yake ni kwamba hakuna foleni, hakuna kuvua nguo, na dawa ni za maelfu machache ya shilingi. Klotrimazoli ya kuweka ukeni, flukonazoli na metronidazoli, ambayo wengi tunaiita Flagyl hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine, zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na za majina ya kawaida hupatikana karibu kila mahali. Mlango huu unafaa pale ambapo uliwahi kupimwa ukaambiwa ni fangasi, sasa dalili ni zilezile, na ulipata mara ya mwisho zamani. Hapo huhitaji kupoteza siku nzima kwenye benchi.

Ukishaingia, ujue unanunua nini. Flukonazoli ya miligramu 150, kidonge kimoja cha kumeza, na klotrimazoli ya kuweka ukeni hutibu fangasi wa kawaida kwa kiwango kinachokaribiana: wanane hadi tisa kati ya kumi wanaomaliza dozi hupata nafuu. Klotrimazoli ya miligramu 500 huwekwa mara moja, ya miligramu 100 huwekwa usiku sita au saba. Kwa hiyo usilinganishe bei ya boksi na boksi, linganisha bei ya tiba nzima. Boksi la kigeni lenye picha ya ua lisikutishe. Kama dawa ni ileile na miligramu ni zilezile, ua lile ndilo unalolilipia. Ya kuweka ukeni inaweza kudhoofisha kondomu, jambo ambalo sijawahi kuambiwa na muuzaji hata mmoja. Mjamzito asimeze flukonazoli. Yake ni ya kuweka, kwa siku saba. Tena mjamzito asiwe mteja wa famasi kwa jambo hili, kwa sababu kwa sera ya serikali huduma zake kwenye vituo vya umma ni za msamaha. Halafu kuna wanaotumia dawa za kila siku, za presha, za kuyeyusha damu, za kifafa. Flukonazoli hugombana na baadhi ya dawa hizo. Taja unachomeza kabla hujalipa.

Metronidazoli ndiyo dawa tunayojipunja zaidi. Dozi ya ugonjwa wa bakteria ni miligramu 400 au 500 asubuhi na jioni kwa siku saba. Vidonge vinavyouzwa kwa wingi ni vya 200 au 250. Vyovyote utakavyopata, ni viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku saba, jumla 28. Sisi huingia dukani tukasema "nipe Flagyl", tukapewa kumi. Kumi ni siku mbili na nusu. Harufu inapungua, unafurahi, baada ya wiki mbili shombo limerudi, na mtaani jina la ugonjwa limeshabadilika: sasa ni "sugu". Huo usugu tumeutengeneza kwa shilingi mia chache tulizobana. Hizo 28 ni miongoni mwa dawa rahisi kabisa kwenye rafu, kwa hiyo hapa hakuna sababu ya ubahili.

Mlango wa pili ni zahanati au kituo cha afya cha umma. Unalipa kidogo kwa pesa na kikubwa kwa muda. Ukifika saa mbili asubuhi usipange miadi ya saa sita. Vituo vingi vidogo hutibu kwa kufuata dalili: mhudumu anakuuliza maswali kwa mpangilio maalumu, kisha anakupa dawa zinazofunika sababu zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huu kwa ajili ya mahali pasipo na maabara. Mara ya kwanza unakufaa sana, kwa sababu unaondoka umetibiwa siku hiyohiyo. Udhaifu wake unaonekana ukirudi mara ya tatu na kupewa fungu lilelile. Kufuata dalili peke yake hakutoi jina. Hapo mwombe mhudumu, kwa heshima lakini bila kuogopa, akuandikie kipimo cha ute. "Sista, hii ni mara ya tatu, naomba nipimwe kabla ya dawa" ni sentensi ya bure na imenisaidia kuliko sabuni yoyote.

Papo hapo kubali kipimo cha Virusi vya UKIMWI na cha sukari. Kisukari ambacho hakijadhibitiwa hulisha fangasi, na kinga ikishuka fangasi hao hawakomi. Kidole kuchomwa sindano mara moja ni nafuu kuliko mwaka mzima wa klotrimazoli. Wapo waliogundua kisukari chao kwa njia hii, wamefuata muwasho wakarudi na kadi ya kliniki.

Mlango wa tatu ni maabara, na hapa ndipo ningepeleka shilingi yangu ya kwanza kama ningeanza upya. Mhudumu huchukua ute ukeni kwa kijiti cha pamba. Kwenye karatasi wataandika HVS. Ute huwekwa kwenye kioo ukatazamwa kwa hadubini. Fangasi wataonekana kama nyuzi na vichipukizi, bakteria watakuwa wamezizonga seli, na trikomona ataonekana akijongea. Anahitaji kuonekana akijongea, ndiyo maana kioo kikikaa mezani saa nzima wakati mtaalamu amekwenda kula, kimelea hutulia na majibu yakasema huna. Hata kikitazamwa upesi, hadubini humkosa trikomona mara nyingi. Uliza kama wana kipimo kingine cha kimelea hicho. Uliza pia kama wanapima asidi kwa karatasi ya pH: ikizidi 4.5 fangasi peke yake si mshukiwa wa kwanza tena. Ni karatasi ya rangi tu, lakini inatofautisha dawa mbili.

Kuotesha vimelea ni hatua ya juu zaidi, huchukua siku kadhaa na hugharimu zaidi. Kwa mara ya kwanza ni anasa. Kwa mtu ambaye fangasi wake wamethibitishwa na bado hawasikii flukonazoli, si anasa, kwa sababu wapo fangasi wa jamii nyingine, kama glabrata, wasioijali dawa hiyo. Utameza hadi uchoke. Wana tiba yao, ila ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kubahatisha.

Niseme jambo kuhusu "UTI", kwa sababu hiyo ndiyo risiti inayouma zaidi. Mwenye ute mwingi akikojoa kwenye kikopo bila kujipangusa na bila kuacha mkojo wa mwanzo upite, ute unaingia kwenye mkojo. Maabara inaona chembe za usaha, karatasi inaandikwa UTI, unapewa antibayotiki. Antibayotiki inaua na walinzi wa uke, fangasi wanapata shamba. Wiki inayofuata uko famasi unawashwa kweli sasa. Mimi niliuzunguka mduara huo mara mbili. Kama mkojo unachoma unapogusa ngozi ya nje, na haukubani wala hukimbilii chooni kila dakika, mwambie daktari hivyohivyo. Na kikombe kijazwe na mkojo wa katikati.

Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ni makumi ya maelfu kwa kumwona tu, kabla ya vipimo. Simwoni kuwa ghali wala rahisi. Inategemea unampelekea nini. Ukienda na "nasumbuliwa kule chini" utalipia nusu saa ya maswali. Ukienda na karatasi yenye tarehe za kila tukio, dawa uliyotumia na idadi ya vidonge, hedhi ilikuwa lini, na majibu ya maabara, pesa ileile inanunua uamuzi. Mwenye bima aulize kabla ya kukaa kwenye benchi kama kipimo na dawa vimo kwenye kitita chake.

Uamuzi anaoweza kukupa ni huu, na tuupigie hesabu. Fangasi waliothibitishwa, wakirudi mara tatu au zaidi kwa mwaka, hawatibiwi kwa kidonge kimoja kila wanapotokea. Huanza vidonge vitatu vya flukonazoli kwa kuruka siku mbili mbili, cha siku ya kwanza, cha siku ya nne na cha siku ya saba, kisha kimoja kila wiki kwa miezi sita. Jumla ni kama vidonge 29. Tuseme kimoja ni shilingi 1,000: una 29,000 kwa nusu mwaka. Wewe zidisha kwa bei ya kwenu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, wenye wanawake 387, ulikuta kwamba baada ya miezi sita ya utaratibu huo asilimia 90.8 hawakuwa wamerudiwa na ugonjwa, wakati kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa asilimia 35.9. Miezi sita baada ya kuacha dawa hali ilishuka: asilimia 42.9 kwa 21.9. Unanunua utulivu wa kweli, ila si hati ya maisha. Anayekuuzia "kupona moja kwa moja" anakuuzia kitu ambacho hata watafiti hao hawakukipata.

Na wauzaji wa aina hiyo tunao. Mtandaoni na kwenye nguzo za umeme imebandikwa: PID sugu, UTI sugu, fangasi sugu, dozi moja tu. Nimejumlisha ujumbe wao na risiti yangu, na huu ndio mlango wenye bei kubwa kuliko yote niliyoitaja isipokuwa bingwa, mara nyingine kumpita bingwa. Kwa pesa hiyo hupati kipimo, hupati jina la kilichomo, hupati miligramu. Vipo vifundo vya kitambaa vyenye majani, vya kuingiza ukeni, ambavyo hutoa vipande vyeupe, muuzaji akasema huo ndio uchafu wa miaka. Kinachotoka ni utando wa mwili wako uliounguzwa. Simdharau mganga wa kweli. Tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na waganga na dawa zao husajiliwa huko. Omba namba ya usajili uone ujumbe utakavyokatika. Kitunguu saumu kipeleke jikoni. Mtindi unywe.

Kuna gharama moja isiyo na risiti, ya mazungumzo nyumbani. Kwa trikomona hakuna mjadala: mwenzi atibiwe wakati uleule, na mkae bila kukutana hadi wote mmemaliza, vinginevyo mnarudishiana kama mpira. Kwa fangasi, mwanamume asiye na muwasho hahitaji dawa. Kwa ugonjwa wa bakteria, madaktari walisema kwa miaka mingi kwamba kumtibu mwanamume hakusaidii. Mwaka 2025 watafiti wa Melbourne, Australia, walitoa majibu tofauti. Waliwapa wanaume metronidazoli ya kumeza pamoja na krimu ya klindamisini ya kupaka uume, kwa siku saba. Ndani ya wiki 12 ugonjwa uliwarudia wanawake 35 kati ya 100, wakati waliotibiwa peke yao walirudiwa 63 kati ya 100. Kwa mwanamke mwenye mwenzi mmoja na ugonjwa usiokoma, dawa za mwanamume huyo huenda zikawa ununuzi wa maana kuliko zote. Muulize daktari. Na hapo ndipo mume wangu alipogundua kwamba safari za famasi zilikuwa zake pia.

Zipo hali ambazo hazina mlango wa bei nafuu: homa na maumivu ya tumbo la chini, damu baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, vidonda, dalili kwa mtoto wa kike, ute wenye harufu au damu kwa mama aliyekoma hedhi. Hizo ni za hospitali, leo. Na ukishalala kwenye kitanda cha uchunguzi, omba shingo ya kizazi itazamwe kwa siki, uchunguzi wa saratani unaofanywa katika vituo vingi vya umma. Umeshapanda kitandani, aibu umeshailipia.

Majibu yangu yalirudi baada ya saa moja na nusu: bakteria, fangasi hakuna. Flukonazoli nne zile, hakuna hata moja iliyokuwa na kazi na bakteria wale. Nikarudi famasi ileile kwa sababu ndiyo iliyo njiani, nikiwa na cheti. Kijana alikuwa yuleyule.

"Dada, ni ya kuwasha au ya—"

"Metronidazoli. Ishirini na nane."

Akaweka kumi kaunta, akaanza kufunga. Nikamsukumia cheti asome namba.